Mama ana baridi yabisi: je, kahawa ya uyoga ni dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Mafinga. Mama yangu ana miaka 64. Hospitali walisema ana baridi yabisi, anameza methotreksati mara moja kwa wiki na prednisoloni kila siku. Jirani yetu aliyeingia biashara ya mtandao ametuletea kahawa ya uyoga mwekundu wa Kichina, anasema inapandisha kinga na kuondoa uvimbe, na mama akishaizoea ataachana na vidonge. Kaka yangu anayetumia ARV naye kaambiwa itampandishia CD4, zile seli za kinga zinazopimwa kliniki. Kopo moja ni shilingi 85,000. Mimi mwenyewe nalima uyoga mamama kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na mama hunisaidia kuvuna. Je, ni kweli uyoga una nguvu hiyo? Na kama ni kweli, kwa nini tusile huu wetu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mfamasia, si daktari, ila hapa Mbeya ukikaa nyuma ya dirisha la dawa muda mrefu unaitwa daktari tu, na unazoea.

Nianze na la haraka kabla jirani hajarudi. Mama asiache hata kidonge kimoja. Kahawa hiyo, kwa mgonjwa kama yeye, mimi nisingempa. Uyoga wako wa kibandani ale, tena ashibe, lakini ale kama mboga. Kaka yako aendelee na ARV kama alivyoelekezwa kliniki. Halafu kuna jambo hukuliuliza, hilo la mama kuingia kibandani kuvuna, ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko kopo lenyewe. Nitalifikia.

Jirani yako hakusema uongo mtupu. Uyoga unagusa kinga ya mwili kweli, na wapo wanasayansi waliotumia maisha yao kulichunguza hilo. Shida ni kwamba ukweli huo mdogo ndio unaobebeshwa ahadi kubwa, na mteja akishaona sehemu moja ni kweli anameza na iliyobaki.

Tuanze na kinga. Ukisikiliza matangazo ya virutubisho, kuanzia hapa kwetu Mwanjelwa, Mbeya, mpaka stendi za mabasi huko kwenu, utadhani kinga ni maji ya kwenye simtanki: yakishuka unajaza, yakijaa umepona. Haiko hivyo. Kinga ni seli za aina nyingi, nyingine kazi yake ni kushambulia, nyingine kuita wenzake, nyingine kuwatuliza walioshambulia ili wasiharibu nyumba waliyotumwa kuilinda. Mtu mwenye afya anazo zote na zinasikilizana. Katika baridi yabisi ya mama, zile za kushambulia zimeugeukia utando laini ulio ndani ya viungo. Zinamwaga kemikali za kuchochea, utando unavimba na kunenepa, gegedu, ile sehemu nyororo inayofunika ncha za mifupa, linaliwa polepole, na baadaye mfupa wenyewe. Ndiyo maana asubuhi vidole vinakuwa vigumu, hata kufunga kifungo cha blauzi inakuwa kazi mpaka jua lipande. Baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba inaweza kumzidishia maumivu, lakini siyo iliyoleta ugonjwa.

Sasa tazama vidonge vyake vinafanya nini. Prednisoloni inaituliza kinga, na methotreksati kwa njia yake inaituliza pia. Daktari anahangaika kuishusha makali, jirani anakuja na kopo la kuipandisha. Kama kahawa ile ingekuwa na nguvu inayotangazwa, mama ndiye angekuwa mtu wa kwanza wa kuikwepa.

Ila muuzaji kaahidi mambo mawili kwa pamoja, kupandisha kinga na kuondoa uvimbe. Uvimbe ninaousema hapa ni huu wa joto, wekundu na maumivu, na huo ni kazi ya kinga yenyewe. Seli zikipambana, mahali hapo panavimba. Kwa hiyo ahadi mbili hizi zinavutana, na ni haki yako kumuuliza: inapandisha ipi, na inashusha ipi? Hapo ndipo uyoga unapokuwa na mambo ya kuvutia, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ukuta wa seli ya uyoga umejengwa kwa sukari ndefu zilizosukwa pamoja zinazoitwa beta-glukani. Mwili wa binadamu hautengenezi kitu hicho. Fangasi wanacho, pamoja na wale wanaotuletea magonjwa mapafuni na kwenye ngozi. Kwa hiyo seli zetu za ulinzi zimebeba vipokezi vya kuitambua. Kimoja maarufu kinaitwa dektini-1, na mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba ndicho kinachoshika beta-glukani. Ikishikwa, seli inaamka: inameza, inapiga kelele kuwaita wenzake. Kwa maneno mengine, kinga haiamki kwa sababu uyoga ni dawa. Inaamka kwa sababu imenusa fangasi. Wauzaji hawaisemi hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Nguvu ya jambo hili inategemea sana njia ambayo kitu kimeingilia. Wajapani walichukua uyoga wa shiitake, wakatenga beta-glukani yake iitwayo lentinani, na mwaka 1985 ikaruhusiwa kwao kutumika kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo, sambamba na dawa za saratani. Hiyo lentinani ilidungwa kwa sindano. Kabla yake, mwaka 1977, waliruhusu dutu nyingine kutoka uyoga mmoja unaoota kwenye magogo, nayo ya kusindikiza matibabu, hiyo ikimezwa. Zote mbili zilitengwa, zikapimwa, zikatolewa na madaktari kwa wagonjwa waliojulikana. Ukinywa kahawa yenye unga wa uyoga, sukari hizo ni kubwa mno kupenya zikiwa nzima kwenda kwenye damu. Nyingi zinapita na chakula. Kuna vituo vya ulinzi kwenye ukuta wa utumbo vinavyoonja kinachopita na kupeleka habari, kwa hiyo siwezi kusema hazifanyi kitu. Lakini kumlinganisha mgonjwa wa Japani mwenye dripu na mama mwenye kikombe Mafinga ni kulinganisha vitu viwili ambavyo havikutani.

Kuhusu kushusha uvimbe, ule uyoga mwekundu, ambao Wajapani huuita reishi na Wachina lingzhi, una kundi lingine la kemikali, chungu sana, ziitwazo triterpeni. Ndizo zinazoupa uchungu wake. Maabara, kwenye seli zilizokuzwa ndani ya vyombo na kwenye panya, zimeonekana kuzima baadhi ya ishara za uvimbe. Beta-glukani hutoka vizuri kwa maji ya moto, triterpeni hutoka zaidi kwa pombe. Maana yake uyoga uleule, ukichemshwa na mmoja na kulowekwa kwenye pombe kali na mwingine, unatoa vitu viwili tofauti vyenye tabia tofauti. Kopo lenu linasema ni kipi? Lisome. Mara nyingi limeandikwa "ganoderma", jina la ukoo mzima wa uyoga huo, basi, kama vile kuandika "mti".

Tutoke kwa panya, twende kwa watu. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kilichapisha utafiti wa vijana na watu wazima 52 wenye afya njema waliokula shiitake waliokaushwa, gramu 5 au 10 kila siku kwa wiki 4. Baadhi ya seli zao za kinga ziliongezeka uwezo wa kuzaliana, kinga ya kwenye mate ikapanda, na kipimo cha CRP, ambacho hupanda mwili ukiwa na uvimbe, kikashuka. Angalia: kinga imechangamka na uvimbe umepungua kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jirani yako ana pa kushika. Lakini hawa walikuwa wazima, hakukuwa na kundi lililokula kitu kingine cha kulinganisha, na walikula uyoga wenyewe, uliopikwa, si kahawa. Slovakia nao, mwaka 2013, walitoa matokeo ya watoto 175 waliokuwa wakiugua mafua na vifua mara kwa mara. Waliopewa dawa ya maji yenye beta-glukani ya uyoga mamama, asilimia 36 hawakuugua kabisa kipindi cha matibabu, dhidi ya asilimia 21 kwenye kundi la kulinganisha. Huo ni uyoga wa aina unayolima wewe. Ni tofauti ya maana, ila ni watoto wa mafua. Viungo vya mama ni habari nyingine.

Kuna utafiti unaomhusu mama moja kwa moja, na ningependa uusome kwa makini kuliko yote niliyoandika. Madaktari wa Hong Kong mwaka 2007 walichapisha majaribio ya wagonjwa 65 wa baridi yabisi ambao ugonjwa wao ulikuwa bado unawasumbua pamoja na kutumia dawa. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliongezewa lingzhi, gramu 4 kwa siku, pamoja na mchanganyiko wa mimea ya Kichina. Lingine likapewa vidonge vya kufanana visivyo na kitu. Hakuna aliyejua yupo kundi lipi, si mgonjwa wala daktari anayempima. Wakafuatiliwa wiki 24. Waliofikia kiwango cha chini kabisa cha kuhesabiwa wamepata nafuu walikuwa asilimia 15 kwa waliotumia uyoga na asilimia 9 kwa wengine, tofauti ndogo ambayo kitakwimu inaweza kuwa bahati tu. Vipimo vya damu vya uvimbe na vya kinga havikuonyesha badiliko la maana. Maumivu, kwa kipimo cha mgonjwa kujieleza, yalipungua kidogo zaidi kwa waliopata uyoga.

Mimi nausoma hivi. Maumivu kupungua si jambo la kudharau, anayeumwa ndiye anajua. Lakini ugonjwa wenyewe, ule unaokula kiungo, haukuguswa. Na hatari ya baridi yabisi iko hapohapo: mgonjwa anaweza kujisikia afadhali kwa miezi, akaacha methotreksati kwa furaha, kumbe mifupa ya vidole inaendelea kuliwa kimya. Ikishapinda hairudi. Jambo jingine ni kwamba wagonjwa wa Hong Kong hawakuacha dawa zao. Uyoga uliongezwa juu yake. Kwa hiyo maneno ya jirani kwamba mama "ataachana na vidonge" hayapati msaada hata kutoka kwenye utafiti ambao ungeweza kumpendeza.

Prednisoloni nayo ina jambo lake. Mtu aliyeitumia kwa muda hawezi kuikata ghafla, kwa sababu mwili wake umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo. Akiikata kienyeji anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikaporomoka, akafikishwa hospitali hajitambui. Inapunguzwa taratibu na daktari. Hili halina mjadala.

Wengine watakwambia, aa, uyoga ni wa asili, hauna madhara. Nikupe mfano mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 udongo uliochotwa Norwe ulipelekwa maabara Uswisi, ndani yake akapatikana fangasi mmoja, ndugu wa wale wanaoota juu ya wadudu na kuuzwa kwa bei ya dhahabu huko Uchina. Kutoka kwake ikapatikana siklosporini, dawa inayoizima kinga kiasi kwamba mtu anaweza kuwekewa figo ya mwenzake na mwili usiikatae. Marekani iliiruhusu mwaka 1983. Ni dawa nzuri mno, hata baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi wamewahi kupewa, na ikikosewa kipimo inaharibu figo. Ni ya asili kabisa. Fangasi anaweza kuiamsha kinga na anaweza kuilaza, na ukiwa na unga wa kahawia ndani ya kopo huwezi kujua kwa kutazama.

Ini la mama ndilo linanifanya niwe mkali. Methotreksati inapita kwenye ini, ndiyo maana anatakiwa kupimwa damu mara kwa mara, ini, figo na chembe za damu, na kupewa asidi ya foliki pembeni. (Na kwa kuwa nimeitaja: ni mara moja kwa WIKI. Mwandikieni siku kwenye boksi la dawa kwa kalamu nzito. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku wakidhani ndiyo dozi.) Kuhusu reishi, madaktari wa Hong Kong na Thailand wameandika kuhusu wagonjwa wachache walioharibika ini baada ya kutumia unga wake, na mmoja alifariki. Ni wachache sana ukilinganisha na mamilioni wanaoutumia Asia, sitaki kukutisha. Lakini mama akipata manjano ya macho akiwa kwenye methotreksati na kahawa ya uyoga kwa pamoja, daktari atajuaje amlaumu nani? Atalazimika kusimamisha vyote, na ugonjwa utainuka. Reishi pia inaweza kupunguza kuganda kwa damu, jambo la kuzingatiwa na wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au wanaosubiri upasuaji.

Kama ameshakunywa vikombe kadhaa, msiogope na msifiche. Aache, na siku ya kliniki mbebeni kopo lenyewe mkamwonyeshe daktari. Najua wengi hufichaficha wakiogopa kugombezwa. Bora agombezwe.

Tulifungue kopo sasa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa bidhaa za reishi zilizonunuliwa Marekani: mafungu 19 yalipimwa, 5 tu ndiyo yaliyokuwa na kile lebo ilichosema. Ikiwa ndivyo kule, mimi na wewe tujipe moyo gani na kopo lililopita mikono minne kabla ya kufika Mafinga? Ujanja mmoja ni kukuza nyuzi za uyoga juu ya nafaka, kisha kusaga vyote pamoja, nafaka ikiwemo. Lebo inaandikwa "polisakaridi asilimia kadhaa" na mteja anafurahi, kumbe polisakaridi ni jina la sukari ndefu za kila aina, na wanga wa nafaka nao ni polisakaridi. Ugali una polisakaridi tele. Kinachotakiwa kuandikwa ni beta-glukani. Halafu soma orodha ya viambato: kwa kawaida kinachotajwa kwanza ndicho kingi. Kwenye kahawa nyingi za namna hii utakuta sukari na unga wa kulainisha kahawa vimetangulia, uyoga uko mwishoni. Mama anatumia prednisoloni, ambayo inapandisha sukari mwilini. Basi hapo kopo limeshaleta tatizo kabla ya uyoga wenyewe kuongea.

Kisheria, kwetu chakula kinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, dawa ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na dawa za asili zinasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Bidhaa ikisajiliwa kama chakula haina ruhusa ya kudai inatibu baridi yabisi. Mwombe jirani akuonyeshe namba ya usajili, kwa upole tu. Huenda naye ameuziwa mbuzi kwenye gunia na bado anadaiwa mtaji.

Kaka yako. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta zaidi ya watu wazima 11 katika kila 100 mikoa ya Njombe na Iringa wanaishi na VVU, kwa hiyo wauzaji wa "kupandisha CD4" wanajua soko lao liko wapi. CD4 hupanda kwa sababu ARV zimezuia virusi visizaliane na kuziua. Hakuna uyoga uliothibitishwa kufanya kazi hiyo ndani ya mwili wa mtu. Kilichopo ni matokeo ya kwenye chupa za maabara. Kama anatumia ule mchanganyiko wa kidonge kimoja kwa siku wenye dolutegraviri, ajue pia kwamba virutubisho vyenye chuma, kalisi, zinki au magnesi vinaishika dawa hiyo tumboni isifyonzwe vizuri. Ameze dawa saa 2 kabla ya virutubisho hivyo au saa 6 baadaye. Poda za kopo nyingi huongezewa madini hayo, asidanganyike na picha ya uyoga mbele.

Tuje kwa uyoga wako, ambao naufurahia. Beta-glukani unazo, ukuta wa kila uyoga umejengwa hivyo, hata ule wa kwenye vichuguu unaouzwa kwenye ndoo kando ya barabara kuu mvua zikianza. Upikwe, usiliwe mbichi: joto linalainisha kuta na kutoa vilivyomo, na shiitake mbichi kwa mfano imewahi kuwatoa watu michirizi ya wekundu mwili mzima kama waliochapwa fimbo. Una protini, una ergothioneini, kinga ya seli ambayo mwili wetu una mlango maalumu wa kuipokea japokuwa hatuitengenezi wenyewe. Na kwa mama kuna faida moja ya karibu zaidi. Prednisoloni ya muda mrefu inadhoofisha mifupa, na mifupa inahitaji vitamini D. Uyoga una mafuta fulani yanayogeuka kuwa vitamini D yakipigwa na jua. Kwa hiyo ukishavuna, chana vipande vyembamba, vipange kwenye ungo matumbo juu, yaani ile sehemu yenye mistari iangalie jua, uanike kuanzia saa 5 asubuhi. Hata saa moja au mbili za jua kali zinaongeza kiasi cha maana. Gramu 100 za uyoga mbichi zinaweza kufikia mikrogramu 10 au zaidi, kutegemea ukali wa jua na unene wa vipande. Kipupwe cha kwenu kina baridi lakini jua lake ni safi na hewa ni kavu, hakuna wakati mzuri kama huo wa kukausha. Usipange nyuma ya kioo cha dirisha, kioo kinazuia miale inayotakiwa.

Ule mwekundu wenye madoa meupe unaoonekana kwenye misonobari si reishi, ni sumu. Reishi ni mgumu kama ubao, unang'aa kama umepakwa vanishi, na huota kwenye mti. Nimeandika hili kwa sababu watu wakisikia "uyoga mwekundu ni dawa" huenda kutafuta. Na uyoga wa porini kwa ujumla, kama si wa kuonyeshwa na wanaoujua mahali hapohapo, muuache. Ule wenye sumu ya ini humkalia mtu kimya saa 6 mpaka 24 kabla ya kutapika, na kuchemsha hakuiondoi.

Nimefika kibandani. Uyoga mamama ukikomaa unamwaga mbegu nyingi ajabu, zile punje za vumbi jeupe. Ukiona kama unga umetanda juu ya mifuko, kwenye chanja na sakafuni, ndizo. Tulisema beta-glukani ikipitia mdomoni na mboga haina makelele. Ikipitia puani, pamoja na punje hizo, siku baada ya siku, mapafu ya baadhi ya watu huanza kuzipiga vita. Ni ugonjwa unaojulikana kwa wakulima wa uyoga duniani: mtu anavuna asubuhi, jioni, zikiwa zimepita saa 4 mpaka 8 baada ya kazi, anapata homa, baridi, kikohozi kikavu, kifua kinabana, pumzi fupi. Kesho au keshokutwa anapona, anarudi kibandani, inaanza upya. Ikiendelea miaka, mapafu yanapata makovu. Huko kwenu wakulima wengi huziba kibanda kwa nailoni ili joto lisitoke, na hewa inakwama. Uyoga wenyewe utakwambia: shina likiwa refu jembamba na kofia ndogo, hewa imepungua humo ndani.

Vuna mapema, kabla kingo za kofia hazijajikunja kwenda juu, maana zikishajikunja vumbi limeshaanza. Fungua madirisha kabla ya kuingia. Nyunyiza maji kwanza ili vumbi litue. Vaa barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini. Kitambaa cha kawaida hakizuii punje ndogo kiasi hicho.

Na mama asivune tena. Methotreksati yenyewe, kwa wagonjwa wachache, husababisha uvimbe wa mapafu wenye dalili zilezile: kikohozi kikavu, homa, pumzi fupi. Akianza kukohoa hivyo, msikae nyumbani na tangawizi. Mpelekeni siku hiyohiyo, na mwambieni daktari mambo mawili bila kusubiri kuulizwa: kwamba anatumia methotreksati, na kwamba nyumbani kuna kibanda cha uyoga alichokuwa akivuna. Asipoyajua, atatibiwa nimonia mara ya kwanza, mara ya pili ataanzishiwa uchunguzi wa kifua kikuu, na chanzo kitabaki nyuma ya nyumba.